Tumbawe la Afande Otim

Vijana wa dukani, mliniomba niwaandikie niliyoyaona katika miaka ishirini na nane ya kutunza matangi ya samaki hapa Kampala. Nani alipandishwa cheo na nani alinyimwa, hayo nawaachia wenye vinyongo. Mimi nitaandika juu ya maji, na juu ya watu wachache walioyaharibu kwa nia njema.

Nilizaliwa Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, ambako baba yangu alizamia samaki wa mapambo na kuwauza kwa wasafirishaji. Nilipofika Kampala na watoto wawili na mfuko mmoja, nilitafuta kazi ya kushona, nikaambiwa cherehani zote zina wenyewe. Siku moja, nikipita Kansanga, nikaona dirishani samaki wa ziwani kwetu wamechanganywa na samaki wa dhahabu, na wanawatafuna mapezi taratibu, bila haraka, kama watu wanaokula karanga. Nikaingia. Nikamwambia mwenye duka, "Papa, hawa utawatenga leo, ao kesho hautakuta hata mkia." Mwenye duka alikuwa Mganda mfupi aliyeitwa Ssalongo, kwa kuwa alikuwa baba wa mapacha. Aliniangalia kutoka kichwani hadi kwenye ndala, akanipa ndoo. Huo ndio uliokuwa usaili wangu, na mpaka leo sijaona usaili bora kuliko huo.

Siku ya kwanza hakuniruhusu kugusa kitu. Aliniambia ninuse matangi yote kumi na manne, moja baada ya jingine, halafu nimwambie lipi linaumwa. "Maji ikiwa mbaya," alisema, "pua inajua mbere ya macho." Basi nikawa nainama, nafumba macho, nanusa, nainuka, nahamia la pili. Mama mmoja mlokole aliyekuja kununua chakula cha samaki alisimama kando yangu akasubiri nimalize, kisha akasema amina. Tangi la tisa lilinuka yai viza. Ssalongo akafunua kokoto, akatoa konokono aliyekufa, akasema nirudi kesho.

Vifaa vyake vilikuwa vichache. Bomba la plastiki la kuvutia maji kwa mdomo, ambalo litawafundisha haraka kujua wakati wa kuacha kuvuta. Mswaki. Na kadi ya benki iliyokwisha muda, kwa kukwangulia ukungu kwenye kioo. Kadi yangu ya kwanza ya benki imenifaa zaidi baada ya kufa kuliko ilipokuwa hai. Alinifundisha pia kwamba samaki wa Kampala hawafi kwa njaa, wanakufa kwa huruma, kwa sababu hapa mgeni akiingia ofisini lazima apewe kitu, na yeye naye lazima amrushie samaki kitu. Nimewahi kutoa chapati nzima kwenye kichujio cha wakili mmoja.

Jambo moja tu Ssalongo aliligomea: maji ya chumvi. "Bahari iko Mombasa," alikuwa akisema, "wacha ikae Mombasa." Alipozeeka akarudi Masaka kulima kahawa, duka akamwachia binti yake, na mimi nikashika sheria hiyo miaka yote. Niliivunja mara moja, mwaka juzi, kwa ajili ya Afande Otim.

Afande Otim ni sajenti mstaafu wa polisi, mtu wa Kitgum, anakaa Naguru na mke wake. Alikuwa amenunua tangi kuukuu la maji ya chumvi kutoka mkahawa uliokuwa unafungwa barabara ya Ggaba. Alipoingia dukani alitembea kati ya matangi yetu kama anakagua gwaride, akasimama mbele yangu.

"Mama," akasema, "mimi nimenunua bahari."

Nikamuuliza bahari yake ina nini ndani.

"Iko samaki moja, ngome ya plastiki, na maua ya plastiki. Mimi nataka utoe maua ya plastiki, uweke ile ya kweli. Ile inakula."

Akanieleza, amesimama wima. Alipokuwa kijana, bado mgeni kazini, alitumwa pwani kwa mafunzo. Siku ya mapumziko alitembea kwenye miamba, na ndani ya dimbwi akaona jiwe lenye ua juu yake, ua lenye vidole, na vile vidole vikamshika samaki mwembamba, vikamwingiza katikati, vikafunga. Mwaka uliofuata alikwenda kuposa. Wazee wa ukoo wa mchumba wakamuuliza ameona nini duniani, yeye aliyetembea. Akawaambia. Walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kitini. Baba wa binti akasema, "Basi, mwanangu anaolewa na mwongo. Angalau hatakosa hadithi." Tangu siku hiyo, katika ukoo ule, uongo wa aina yoyote unaitwa ua la Otim. Mtoto akisema ameumwa tumbo siku ya mtihani, ua la Otim. Mwanasiasa akiahidi daraja, ua la Otim. Na hiyo ni miaka arobaini.

"Sasa yule mzee, baba mkwe wangu, yuko karibu miaka tisini," Afande akasema. "Krismasi anakuja Kampala, labda mara ya mwisho. Akikufa hajaona, mimi nabaki mwongo mpaka kaburini. Mke wangu anaweza kuandikisha hata kwenye jiwe."

Ua lile ni tumbawe, kitu cha maji ya chumvi, na nilipaswa kukataa. Lakini nilipofika nchi hii niliketi mbele ya meza nyingi za maofisa wa wakimbizi nikieleza niliyoyaona kwetu, na nikaona mtu akiweka kalamu chini na kunitazama kwa ule upole wa kumtazama anayetia chumvi. Uchungu ule naujua. Nikamwambia Afande nitajaribu, ila atii kila ninalosema. Akanipigia saluti. Ingekuwa heri angekataa, maana ningejiandaa.

Nilipofika Naguru, mke wake, Mama Aber, alinipokea kwa chai na karanga. Ni muuguzi mstaafu, alifanya kazi Mulago miaka mingi, na ana sauti ya kumwambia mtu habari mbaya bila kumwamsha. Mume wake alipotoka chumbani akaniinamia. "Mama Zawadi, usijisumbue sana. Mume wangu ni mtu mzuri sana. Ni hiyo ua tu."

Nikanusa tangi. Lilinuka mkahawa. Chini ya kokoto nilitoa vijiti vya meno, vifuniko vya soda, na jino moja la bandia ambalo hadi leo hakuna aliyelidai. Nikamwaga maji yote, nikasugua, nikachuja maji mapya, nikayachanganya na chumvi maalum ya matangi ya bahari, nikipima kila ndoo. Afande aliuliza kwa nini tusitumie chumvi ya jikoni, na nilipomjibu aliuliza kwa nini tusitumie ile ya ng'ombe. Nikafunga taa kali, pampu mbili, na betri ya siku ambazo umeme unakwenda kwao. Samaki mwenyewe alikuwa wa rangi ya machungwa na mistari mitatu myeupe. Afande alihesabu mistari akakunja uso, kwa sababu mistari mitatu ni sajenti, na sajenti nyumbani humo alikuwa mmoja. Yule samaki alipomuuma kidole siku ya pili, akamshusha cheo papo hapo. Tangu hapo anaitwa Koplo.

Kisha nikaleta mawe. Vijana, hapa msome polepole. Tangi la matumbawe halianzi na matumbawe, linaanza na mawe hai. Haya yetu yalitengenezwa kwa saruji na kulazwa baharini huko pwani hadi yakaota vijidudu vinavyokula uchafu wa maji. Mfanyabiashara mmoja aliniletea yamefungwa kwa magazeti mabichi. Bila hayo hakuna kitakachoishi. Na kwa wiki kadhaa mawe hayo huwa mabaya kuyatazama: yanaota ukungu wa kahawia, yanateleza, yanafanana na kitu kilichosahauliwa kwenye sufuria. Ni lazima yapite hapo. Nilimweleza Afande haya yote, nikamwambia asiguse. Akasema ndiyo. Baada ya wiki tano nikasafiri kwa wiki mbili kwenda Nakivale kumzika shangazi.

Sasa, kama hamkuwahi kuishi kambini, huenda hamjui askari anafanya nini akiona jiwe. Askari akiona jiwe, analipaka chokaa. Pembeni mwa njia, kuzunguka mlingoti wa bendera, mbele ya ofisi ya mkubwa, jiwe lisilo na chokaa ni jiwe lililotoroka kazi. Afande alikuwa amelelewa hivyo miaka thelathini.

Niliporudi kutoka msibani nilikuta tangi limejaa maziwa. Nikakaribia. Ndani ya maziwa hayo niliona mawe yangu yote, meupe pepepe, yamepangwa mstari kutoka dogo hadi kubwa. Nikakaa kwenye kochi la watu bila kukaribishwa.

"Ilikuwa chafu," Afande akasema. "Nilitoa, nilipiga brashi, nilipaka mara mbili, niliweka kwa jua siku tatu ikauke vizuri. Sikufanya haraka."

"Na Koplo?"

Koplo alikuwa kwenye beseni la kufulia, ndani ya maji ya zamani na kipampu kidogo, mzima kabisa na mwenye hasira. Afande alikuwa bado hajamrudisha, akisubiri maji "yatulie". Desturi ile ile iliyoua mawe kwa ukamilifu ndiyo iliyomwokoa samaki.

Sikupiga kelele. Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba kila kitu kilichokuwa hai kwenye mawe yale kimekufa, kwamba wiki saba zimekwenda na maji, na kwamba Krismasi haisogezwi mbele. Yule mtu mzima akageuka. Akatoka nje. Kupitia dirishani nilimwona amesimama uani, mikono nyuma, mbele ya mstari mwingine wa mawe meupe yanayozunguka bustani ya mkewe. Nilimhurumia, na nilitaka kumpiga na ndoo, vyote kwa pamoja. Alipoingia nikatoa amri: neno chokaa lisitamkwe tena nyumbani humu.

Tulianza upya. Nilisugua mawe yale kwa mswaki, nikayaloweka na kubadili maji hadi vipimo vikatulia, nikaagiza mawe hai mengine machache yayaambukize uhai. Ukungu wa kahawia ukarudi. Safari hii Mama Aber alimwekea mumewe kiti kilichoelekea ukutani.

Tumbawe lilikuja mwisho wa Oktoba kwa ndege, pamoja na vibali vyake, kutoka kwa mtu anayeyazalisha kwenye matangi. Kule Entebbe mkaguzi aliniuliza kama ni mnyama, ni mmea, au ni jiwe. Nikamjibu ukweli: ni mnyama, ndani yake kuna mimea midogo inayomlisha, na chini yake anajijengea jiwe. Aliweka muhuri wake kando. Akaniambia nikae pembeni nifikirie tena.

Lilikuwa la ukubwa wa sahani ya chai, kijani, vidole vimejificha. Nikaliweka chini kwenye mchanga. Wiki ya kwanza, kimya. Wiki ya pili, kimya. Wiki ya tatu nyama yake ilikuwa imeanza kurudi nyuma, na pembeni mfupa mweupe ukaonekana. Afande hakuwa akienda tena popote. Alikaa mbele ya tangi asubuhi hadi jioni. Alisema, "Inakufa kama vile mimi nilisema uongo."

Nilipima kila kitu kinachopimika. Chumvi sawa. Joto sawa. Kichupa cha mwisho kilinipa jibu nililolikataa, nikapima mara tatu. Jiwe la tumbawe hujengwa na madini fulani, na maji yetu hayakuwa nayo ya kutosha. Dawa yake dukani kwetu haikuwapo, na ya kuagiza ingefika baada ya Mwaka Mpya. Nikawaita mume na mke, nikameza mate, nikasema neno nililolipiga marufuku mwenyewe.

"Linataka chokaa."

Afande akasimama. "Brashi iko bado," akasema.

"Otim, kaa chini," Mama Aber akasema. Kisha akanigeukia. "Ile ya kwanza iliua kwa sababu ilikuwa ndoo mzima. Dawa gani haiui ukimpa mtu ndoo mzima? Sisi tunampa kwa tone."

Nikamtazama yule mama. Miaka ishirini na nane nimejiita fundi. Alikwenda chumbani akarudi na mpira wa dripu, mpya, bado kwenye nailoni yake, wenye kile kigurudumu cha kupunguzia matone.

Nikanunua chokaa safi kwenye duka la kemikali mjini, si ile ya kupaka ukuta. Kijiko kwenye dumu la maji yaliyochujwa, unatikisa, unaacha itulie, unachukua maji ya juu tu, yale maangavu. Mama Aber akatundika chupa kwenye fimbo ya pazia, akasimama na saa yake, akihesabu matone midomo ikicheza. Akabandika karatasi kwenye kioo kama ya kitandani wodini. Mgonjwa: Tumbawe. Jinsia: Haijulikani. Chini yake saa, matone, hali.

"Kwa hiyo sasa unaniamini?" Afande akamuuliza.

"Mimi natibu," akajibu. "Sijasema naamini."

Siku ya kumi na nane asubuhi simu yangu ililia. "Mgonjwa amefungua mkono," alisema Mama Aber. Nikamuuliza kama amemjaribu na chakula. Alikuwa amemshushia mukene mmoja, wale vidagaa wetu wa ziwani, kwa koleo lake la zamani la kushikia pamba. "Ameshika. Amekula. Mbele ya macho yangu." Halafu akanyamaza, nikafikiri salio limekwisha. "Mama Zawadi," akasema, "miaka arobaini mimi nilicheka pamoja na wao."

Afande aliporudi kutoka matembezi aliyolazimishwa na mkewe alikuta sahani ya malakwang, ile mboga ya kwao ya karanga, na viazi vitamu mezani, saa tatu asubuhi, siku ya kazi. Alidhani kuna msiba.

Krismasi nyumba ilijaa. Mzee alifika na fimbo na koti zito, mwembamba, masikio yote mawili yanasikia. Kiswahili alijifunza kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na alikitumia bila kupamba. Ukoo mzima ulijipanga sebuleni kuona ua la Otim. Na kwa zile hatua, zile kelele, na watoto kugonga kioo, tumbawe lilijifunga kabisa, likawa jiwe. Shemeji mmoja akaanza kucheka. Kicheko kikatembea chumba kizima. Niliona shingo ya Afande ikiingia ndani ya kola.

"Nendeni mkale," Mzee akasema. "Wote. Mimi nilimcheka siku moja nzima, naweza kumngoja saa moja."

Tukabaki wanne: yeye kitini, Mama Aber na koleo lake, Afande wima mlangoni, na mimi na ndoo yangu kama mtu wa maana. Tukangoja. Dripu ilidondoka. Baada ya muda kidole kimoja kikatoka, kisha vitano, kisha sikuhesabu. Mama Aber akashusha mukene. Vidole vikamshika, vikamvuta polepole katikati, vikafunga.

Mzee alisogeza uso hadi pua ikagusa kioo. Alikaa hivyo mpaka ule mkia wa mwisho ukapotea. Kisha akainuka kwa fimbo yake.

"Otim. Njoo hapa."

Afande akaja, akapiga goti kama inavyompasa mkwe.

"Nilikuita mwongo mbele ya watu. Nilikosea. Nitasema mbele ya watu." Akamwekea mkono begani. Mama Aber aligeukia dirishani akashughulika na pazia lisilokuwa na tatizo. Afande alikuwa analia, mdomo umefungwa, machozi yakishuka moja kwa moja kwa nidhamu. Mimi pia nililia, na sioni haya.

Mzee alikuwa bado anatazama tangi.

"Lakini siku ile," akasema, "ulisema jambo lingine. Ulisema bahari inaondoka yenyewe, inaacha mchanga mtupu, halafu inarudi yenyewe. Mara mbili kila siku."

"Ndiyo, baba," Afande akasema. "Niliona."

"Hii naona imekaa tu."

Afande Otim akafuta uso kwa kiganja. Akainuka kutoka magotini, akanyoosha shati, akageuka akanitazama. Macho yale nilikuwa nimeyaona dukani, siku ile aliponiambia amenunua bahari.

Nilichukua ndoo yangu nikaaga kwa heshima zote. Jumatatu asubuhi nilimpelekea binti wa Ssalongo barua ya kustaafu.